Mkono Baridi na Rafu ya Chini

"Umeniuza, wifi! Umeniuza mchana kweupe, tena kwa wino mwekundu!"

"Sijakuuza. Nimehesabu."

"Basi hesabu yako ina meno. Mama, sema na mwanao!"

Mama ndiye mimi, na nilikuwa mezani katikati yao, nachambua maharage, nikajifanya sisikii. Umri huu una raha zake. Ukijifanya kiziwi watu wanakuhurumia, wanasema mbele yako kila kitu, na wewe unameza tu kama dawa tamu.

Binti yangu alikuwa upande wa dirisha na karatasi yake. Anafundisha takwimu chuoni, kwa hiyo hapa nyumbani jina lake ni Mwalimu, hata paka anajua hivyo. Mke wa mwanangu alikuwa upande wa jiko, mwiko mkononi, macho mekundu, na si kwa moshi. Mwanangu mwenyewe ni dereva wa lori, siku hiyo alikuwa barabarani kama kawaida yake, kwa hiyo katika vita vya wifi na wifi, mwamuzi nilikuwa mimi na maharage yangu.

"Uliniambia utanisaidia," mke wa mwanangu akasema. "Ulisema, 'Wifi, usilie, tutaandika, na maandishi yatakusafisha.' Haya, nimesafika? Si nimechafuka zaidi!"

Mwalimu akainamia karatasi yake. Na mimi namjua binti yangu: akinyamaza, ana makosa au ana njaa.

Sasa nieleze. Huyu mke wa mwanangu anafanya kazi kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga, mwaka wa tisa huu. Ni mashine kubwa kama kabati la nguo la tajiri, ndani ina rafu mbili, ya juu na ya chini, na kila rafu inabeba trei ishirini za mayai. Kazi yake ni kugeuza mayai mara tatu kwa siku ili kifaranga asigande upande mmoja. Kila yai ameliandika kwa penseli, alama ya msalaba huku, duara kule, ndipo ajue lipi limegeuzwa na lipi linamdanganya. Baada ya siku ishirini na moja, aliye hai anatoboa ganda, aliyekufa anabaki yai viza. Mke wa mwanangu hurudi nyumbani na manyoya ya vifaranga kwenye nywele, na mimi humchambua kama ninavyochambua maharage.

Mwaka huu mayai viza yalizidi, na mengi yalikuwa kwenye trei zake. Wenzake wakampa jina: Mkono Baridi. Wakasema yai akiligusa yeye, kifaranga anasikia baridi humo ndani anaghairi kuzaliwa. Likaanza kama utani. Lakini utani ukisemwa kila siku unakuwa ushahidi. Msimamizi wa kituo akasema mwisho wa mwezi ujao ataamua: kama tatizo ni mkono wake, aondoke.

Nataka niseme jambo kuhusu mikono hiyo kabla sijasahau, maana kusahau nako ni kazi yangu siku hizi. Nilipoteleza uani nikavunjika nyonga, ni yeye aliyeniogesha miezi sita. Si binti yangu, aliyekuwa chuoni, wala si mwanangu, ambaye akiona mgonjwa anazimia yeye kwanza. Huyu mtoto wa watu, mfupi hivi kwamba akisimama nyuma ya ndoo unaiona ndoo peke yake, alinibeba kutoka kitandani mpaka bafuni, na mimi wakati ule nilikuwa na uzito wa ng'ombe wawili na ndama. Mikono yake ni baridi kweli, siwezi kusema uongo. Ilikuwa ikinigusa mgongoni naruka. Lakini homa iliponishika, mkono ule juu ya paji la uso wangu nilikuwa sitaki uondoke. Mpaka leo nikisali namtaja yeye kabla ya wanangu niliowazaa, na Mungu hajawahi kuniuliza kwa nini.

Kwa hiyo mtu akisema mkono huo unaua, amenichokoza mimi.

Mwalimu ndiye aliyeleta wazo la kuhesabu. Akaenda kwa Msimamizi akaomba kila yai la mzunguko mzima liandikwe: nani amelishika, na mwisho wake nini. Wanaogeuza ni wawili, mke wa mwanangu na mwanamke anayeitwa Twiga. Huyo Twiga ni mrefu kiasi kwamba mvua ikianza yeye analowa, sisi wengine tunamaliza chai kwanza ndipo itufikie. Kila mmoja alikuwa na mayai mia sita.

"Mama," Mwalimu alinieleza mayai viza yalipokwisha kujumlishwa, "kwanza tunajifanya hatumshuku mtu. Tunasema mkono na yai viza havina undugu wowote. Kama havina undugu, mayai viza yote mia tatu yatagawanyika sawa, mia na hamsini kwa huyu, mia na hamsini kwa yule. Yakizidiana kidogo, hiyo ni bahati. Yakizidiana sana, tunaanza kuuliza."

"Kidogo ni kiasi gani na sana ni kiasi gani?"

"Ndiyo kazi ya jaribio lenyewe. Linaitwa kai mraba. Unachukua ulichoona, unatoa ulichotarajia, unazidisha tofauti kwa yenyewe, unagawa kwa ulichotarajia. Unafanya hivyo kwa visanduku vyote vinne vya jedwali, viza na hai kwa kila mkono, unajumlisha. Kwa jedwali kama letu, jumla ikipita tatu nukta nane nne, bahati peke yake ingefika hapo chini ya mara tano katika mia."

Nilielewa. Sikusoma, lakini nimelea watoto na kuku, na wote hao wanakufundisha tofauti ya bahati na tabia.

Sasa karatasi ya siku ya ugomvi ilisema hivi: Twiga, mayai viza tisini. Mke wa mwanangu, mia mbili na kumi. Jumla ya kai mraba: sitini na nne. Mpaka ni tatu na vipande, sisi tuko sitini na nne! Hatukuruka ua, tuliruka nyumba na mti.

"Ungeweza kupunguza kidogo," mke wa mwanangu akasema, sauti imeshuka. "Nani angejua? Ungeandika mia na sitini."

"Mimi ningejua."

"Basi niandike vizuri! Andika na miguu yangu inavyouma! Andika na mgongo wangu, miaka tisa nainama kama jembe, Twiga hajainama hata siku moja!"

Mwalimu akageuka. "Unainama wapi?"

"Rafu ya chini! Ni wapi pengine? Mimi mfupi, yeye mrefu. Tangu nianze kazi, chini ni yangu, juu ni yake. Tulipatana ili asiumie mgongo na mimi nisitafute kigoda."

"Kila siku?"

"Wifi, wewe una digrii ngapi? Nimekwambia miaka tisa!"

Mwalimu akakaa. Alikaa juu ya maharage yangu, na hakuhisi. Akashika kichwa. "Mungu wangu. Sikuuliza. Nimekimbilia kalamu, sikuuliza nani anasimama wapi."

Nikaona kiziwi apone sasa. "Unataka kusema nini, mwanangu?"

"Nataka kusema, Mama, kwamba hesabu iko sawa, undugu upo. Lakini mayai yake yote yako chini na ya Twiga yote yako juu. Siwezi kujua kama ni mkono au ni rafu. Vimeshikana."

"Aah," nikasema. "Mtoto amefanana na nyumba hii, lakini hesabu haijui baba ni yupi."

"Mama!" wakasema wote wawili pamoja, na hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana wiki hiyo.

Mwalimu akaenda kwa Msimamizi kesho yake kumwomba mzunguko mmoja zaidi. Aliniambia alisimama mbele ya meza yake akasema, "Bwana Msimamizi, karatasi niliyokuletea ni ya kweli lakini haitoshi, na kosa ni langu." Mtu mwenye digrii kusema kosa ni langu, tena kwa ajili ya wifi yake, nilimshukuru Mungu kwamba maziwa niliyomnyonyesha hayakwenda bure. Msimamizi akatoa siku ishirini na moja. Akasema baada ya hapo hakuna karatasi nyingine.

Mpango ulikuwa huu. Trei arobaini, mayai thelathini kila moja. Kumi za Twiga juu, kumi za Twiga chini, kumi za mke wa mwanangu juu, kumi zake chini. Na trei ipi iende wapi asichague mtu, iamuliwe kwa kura. Wakakosa vitu vya kupigia kura, nikatoa kopo langu la vifungo vya nguo. Vifungo arobaini, rangi nne, kumi kumi, kila rangi mtu mmoja na rafu moja. Tukavitia mfukoni, Msimamizi mwenyewe akisimama hapo, na mimi nikapewa heshima ya kuchovya mkono, kwa kuwa eti mzee hana upendeleo.

Hana upendeleo! Trei ya tano ilikuwa na mayai mazuri, makubwa, yanang'aa kama vichwa vya viongozi. Nikapapasa mfukoni. Kifungo cha mke wa mwanangu rafu ya juu kilikuwa na matundu manne, vingine viwili. Vidole vyangu havikusoma shule lakini matundu vinajua kuhesabu.

"Mama," Mwalimu akasema taratibu, "rudisha hicho. Na kile ulichobana kwapani."

"Kipi?"

"Mama."

Nikavirudisha. Akavimwaga vyote, akatafuta vyenye matundu sawa, tukaanza upya kuanzia trei ya kwanza. Msimamizi alikohoa mara mbili, hivyo ndivyo anavyocheka. Twiga alicheka mpaka akaegemea dari.

Basi ukaanza mzunguko. Mke wa mwanangu akapewa kigoda apande kwenye rafu ya juu, na Twiga akaanza kujua sakafu. Siku ya kwanza alisema si kitu. Siku ya tatu aliuliza kama kuna mafuta ya kuchua. Wiki ya pili alikuwa akitembea barabarani ameandika namba saba. Nilipokwenda na Mwalimu kuwaona, nikamkuta amepiga magoti mbele ya mashine, anageuza mayai na kuomboleza.

"Bibi," akaniambia, "miaka yote nilidhani huyu mwenzangu anapumzika huku chini. Halafu huku kuna upepo, jamani! Unanipiga kwenye vifundo vya miguu."

Mke wa mwanangu akashuka kwenye kigoda mbio, akaweka mkono pale mlango wa mashine unapofungia. Mpira wa mlango ulikuwa umechanika chini, mpasuko wa kuingiza vidole viwili. Na kipimajoto kilitundikwa juu, usawa wa pua ya Twiga, ambako joto lilikuwa safi siku zote. Nani angeona? Mwenye kuona kipimajoto hakufika chini, na aliyekuwa chini mikono yake ni baridi tangu azaliwe, upepo ukimgusa anadhani ni yeye.

Akavua kanga yake ya begani akaanza kuisokota azibe.

"Usizibe," Mwalimu akasema.

"Kwa nini? Si umeona? Wanakufa humu!"

"Ukiziba leo, nusu ya mzunguko ina upepo na nusu haina. Msimamizi atasema hesabu imechezewa, na jina litabaki kwako. Zimebaki siku tisa."

Pale ndipo nilipomjua mke wa mwanangu, baada ya kula naye miaka yote hiyo. Alisimama na ile kanga iliyosokotwa, anatazama trei za chini. Jina lake upande huu, vifaranga upande ule. Hakuna aliyemsukuma. Akaikunjua polepole, akajifunga tena. Lakini kila alipogeuza mayai ya chini aliyaomba radhi, moja moja, msalaba na duara, nami nilisikia. Na hakuyageuza kwa uzembe hata mara moja ili yafe mengi apone yeye. Twiga vilevile. Nawashukuru wote wawili kwa hilo, kwa sababu mimi, na vifungo vyangu kwapani, nisingeaminika.

Siku ya ishirini na moja chumba kilijaa sauti kama kisima kimejaa sindano. Vifaranga wanatoboa, wanaanguka, wanasimama wakiwa wameloa kama walevi wa mvua. Tukahesabu trei kwa trei. Mwalimu akaandika, Msimamizi akaangalia begani mwake.

Kwa mkono kwanza. Mayai viza ya Twiga, juu na chini pamoja: mia na arobaini na nane. Ya mke wa mwanangu: mia na arobaini na sita. Mwalimu akapiga kai mraba, ikatoka sifuri na vipande visivyojaza kijiko, mbali chini ya mpaka. Mkono na yai viza hawajuani hata kwa salamu.

Kisha kwa rafu. Juu: tisini. Chini: mia mbili na nne. Kai mraba: hamsini na nane na nusu.

Twiga akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Chini mimi nimepata mia na nne, mwenzangu mia. Basi mniite mimi Mkono Baridi." Akapiga magoti kwa mara ya mwisho, akafunga upepo kwa kanga yake mwenyewe. Nilimpenda saa ile, mrefu vile.

Msimamizi akachukua karatasi, akaikunja mara nne, akatia mfukoni. "Nitafikiri," akasema. Hakusema pole, hakusema asante, akaenda zake. Siku ya mwisho wa mwezi ikapita, tukangoja. Siku mbili nzima mke wa mwanangu hakwenda kazini, kwa sababu hakuambiwa aende wala asiende, na mtu akiwa hivyo anafua hata nguo safi.

Jioni ya siku ya pili tulikuwa jikoni watatu. Mwalimu alikuwa anamenya viazi ovyo, anapoteza nusu ya kiazi kwenye ganda.

"Wifi, nisamehe," akasema bila kuinua macho. "Ile karatasi ya kwanza."

"Nikusamehe nini? Ungepunguza namba nilivyokuomba, ile mia na sitini, ningekuwa na kazi na jina langu bovu vilevile. Na upepo ungekuwa bado unapiga." Akamnyang'anya kisu. "Asante kwa kutonihurumia. Sasa ondoka kwenye viazi vyangu."

"Kwa hiyo twende tukamuulize Msimamizi?"

"Hatwendi. Sitambembeleza mtu."

"Si kubembeleza, ni kuuliza!"

"Kuuliza kwako ndiko kulikonitia wino mwekundu!"

"Na ndiko kulikokutoa!"

Walianza tena, lakini sasa kulikuwa na kicheko chini ya sauti, kama maji chini ya kifuniko. Nikaona niongeze kuni.

"Acheni niwaambie kuhusu yule Msimamizi," nikasema. "Yule hakuzaliwa, alitotolewa. Nilikuwepo. Kuku aliyeatamia alichoka siku ya kumi na nane, nikaatamia mwenyewe siku tatu zilizobaki, na alipotoboa ganda alitoa kwanza tumbo."

"Mama, wewe!"

"Wallahi. Akatoka na saa mkononi. Ndiyo maana anatembea hivi." Nikainuka kwa fimbo yangu, nikasukuma tumbo mbele, mkono mmoja mgongoni, nikapita kati ya jiko na meza kama jogoo aliyemeza kengele. Mke wa mwanangu akaacha kisu, akashika mbavu. "Na akifikiri, kope zake zinatoa mlio. Nimezisikia! Halafu akishafikiri wiki nzima, anakohoa mara mbili, anasema—"

Mtu akakohoa mara mbili.

Alikuwa mlangoni, kofia mkononi, na alikuwa amekwisha kuingia hatua moja.

"Nimepiga hodi, hamkusikia," akasema, akimtazama mke wa mwanangu. "Dada, kesho saa kumi na mbili asubuhi mayai mapya yanaingia. Fundi anabadilisha mpira sasa hivi. Usichelewe."

Mimi nilikuwa bado nimetoa tumbo.